Mtunzi wa Choo Cheupe

Alhamisi saa kumi jioni, nyuma ya ofisi ya afya mjini Lodwar, hakuna kitu. Kuna mgunga, kuna tangi la maji lililotoboka, kuna benchi mbili zinazotazamana kama watu walionuniana, na kuna kimya. Zamani, saa hiyo, mbuzi wa mtaa walikuwa wakiinuka wenyewe na kuondoka, kwa maana walijua waimbaji wa besi wanakaribia kuanza. Siku hizi mbuzi wamelala pale pale. Akuwam, mfagiaji wa ofisi, bado huzipangusa benchi vumbi kila Alhamisi, kisha husimama na ufagio wake akitazama mahali kinanda kilipokuwa, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata.

Aliyeondoka na kelele hizo ni Benard Kipkemboi, ambaye mji wote ulimwita Bwana Afya. Kazi yake kwa mujibu wa barua ya serikali ilikuwa kukagua nyama, hoteli na vyoo. Kazi yake kwa mujibu wa moyo wake ilikuwa kutunga michezo ya kuimba: watu wazima wasimame mbele ya umma, waimbe badala ya kusema, wafe kwa kipindupindu huku wakiimba sauti nne.

Alizaliwa Kabiyet, kwenye mvua na majani chai, mtoto wa mwalimu wa kwaya aliyeamini kwamba tuni ni kama mto: haina mwenyewe, kila mtu huchota na chombo chake. Baba alichukua tuni za harusi akazitia maneno ya Krismasi, akachukua za Krismasi akazitia maneno ya kuchanga harambee, na hakuna aliyelalamika. Kijana akakua akijua hivyo. Alitaka kusomea muziki. Baba, ambaye alijua muziki ulivyomlipa, alimpeleka chuo cha afya.

Alipofika Lodwar mwaka 2004 aliambiwa atakaa miaka miwili. Alikaa tisa. Joto lilimnyoa kipara, likamwachia sauti. Wauza nyama walijifunza kumsoma kabla hajafungua mdomo: akiinama juu ya paja la mbuzi huku anavuma juu juu, nyama imepita, akishuka hadi besi, mwenye bucha alianza kutafuta shimo la kuizika. Nyimbo zake aliziandika kwa do-re-mi nyuma ya fomu za ukaguzi, hivyo kuna hoteli kadhaa mjini ambazo rekodi zake za usafi, ukizigeuza, ni sauti ya tenori.

Mchezo wake wa kwanza ulihusu vyandarua vya mbu. Wavuvi wa Longech waliupenda kiasi cha kulia, wakapokea vyandarua kwa mikono miwili, wakaenda navyo ziwani kuvua dagaa. Wa pili ulihusu kunawa mikono, na ndani yake mlikuwa na mtu mmoja aliyeigiza Kuhara, akiwa amevaa shuka ya kijani. Kuhara aliimba vizuri kuliko wote. Kwa mwaka mzima alipopita sokoni watoto walimshangilia, naye akakataa kabisa kurudi kwenye jina lake. Kipkemboi hakukata tamaa. Alisema, "Ujumbe umefika, ila umefikia mlango mwingine."

Halafu ukaja mwaka 2012, na mchezo wa choo.

Serikali ilitaka watu wachimbe vyoo. Watu waliona jambo hilo ni la ajabu: jangwa lote hili, halafu mtu mzima ajifungie ndani ya kijumba na uchafu wake mwenyewe? Kipkemboi alijua hotuba haitasaidia. Alihitaji tuni itakayoingia kichwani mwa mtu na kukataa kutoka, kama mchanga kwenye blanketi. Kwa miezi mitatu alitunga na kuchana.

Siku moja mwezi wa saba alikuwa akirudi kutoka Kalokol kwa pikipiki ya ofisi, akasimama kisimani kuipooza. Ng'ambo ya kisima mwanaume mmoja alikuwa akimnywesha ng'ombe dume mweupe, maksai mkubwa, mwenye pembe moja iliyopindwa kutazama mbele na nyingine kutazama nyuma. Mwanaume aliinua mikono yake miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, akafumba macho, akaimba.

Tuni ilipanda ngazi tatu, ikasita kama mtu aliyesikia jina lake, kisha ikateremka taratibu hadi pale ilipoanzia. Alitoa fomu mfukoni, akaandika yote. Akamwinulia mwimbaji mkono, akawasha pikipiki, akaenda. Hakuuliza wimbo ni wa nani. Kwao Kabiyet ng'ombe walikamuliwa huku redio ya jirani ikiimba. Hakuna ng'ombe aliyekuwa na wimbo wake.

Huku, ng'ombe ana wimbo. Mwanaume akishachagua maksai wake wa kupendwa, humpinda pembe, humfunga kengele, humtungia wimbo, na tangu siku hiyo watu humwita mwanaume huyo kwa rangi ya ng'ombe. Huyu wa kisimani aliitwa Losike na mama yake, lakini kwa wenzake wa rika alikuwa Apalokwang, baba wa mweupe. Ng'ombe, wimbo na mtu ni kitu kimoja kilichosimama kwa miguu sita. Ukiuimba wimbo ule, umemtaja ng'ombe. Ukimtaja ng'ombe, umemtaja mtu.

Maneno ya Losike yalisema: *Mweupe wangu, pembe moja mbele, pembe moja nyuma.*

Kipkemboi, aliyekuwa ameyafahamu maneno mawili matatu tu, aliandika: *Choo changu cheupe, mlango mmoja mbele, bomba moja nyuma.*

Alipofundisha wimbo huo Alhamisi ya kwanza nyuma ya ofisi, Akuwam, aliyekuwa sauti yake kuu ya soprano, aliacha kuimba katikati.

"Bwana Afya, hii sauti mimi najua."

"Ndiyo maana ni nzuri, dada yangu. Tuni nzuri kila mtu huona anaijua."

"Hapana. Mimi najua na pembe yake."

"Pembe tutaweka baadaye," alisema Kipkemboi, akidhani anazungumzia tarumbeta. "Kutoka juu tena!"

Mchezo ulianza kuonyeshwa mwezi wa tisa uwanjani Lodwar. Choo cheupe cha maboksi yaliyopakwa chokaa kilisimama katikati, kwaya ikakizunguka, ikainua mikono mmoja mbele mmoja nyuma ili kuonyesha mlango na bomba. Watu walicheka hadi wazee wakashikana mabega. Kipkemboi alikuwa hajawahi kuona kitu kama hicho. Walicheka mahali ambapo hakuweka kichekesho. Alirudi nyumbani kama aliye ndotoni, anavuma juu juu. Wakaupeleka Kalokol, Longech, wakaupeleka Kakuma, kambini kwa wakimbizi, na kila mahali wimbo ulibaki nyuma yao ukiimbwa.

Mwezi wa kwanza 2013 Losike aliingia ofisi ya afya. Kichwani alikuwa na unyoya, mkononi fimbo na kigoda chake. Alipita foleni yote, akaweka kigoda mbele ya meza ya Kipkemboi, akaketi. Dirishani kulitokea pembe moja, ikitazama ndani.

"Ejok," alisema Kipkemboi, akimsalimu kwa lugha yake.

"Ejok hapana," alisema Losike. "Wewe ndio ile mtu naimba ng'ombe yangu kwa choo?"

Akuwam alikuwa mlangoni. Aliweka ufagio chini, akaanza kutafsiri pale ambapo Kiswahili cha Losike kilimwisha, na pale ambapo cha Kipkemboi kilimwisha pia.

Mambo yalikuwa hivi. Losike alikuwa akimposa binti wa mzee mmoja wa Kerio aitwaye Kong. Mazungumzo yalikuwa yamefika pazuri, mifugo ilikuwa imekwisha kubaliwa. Kisha Kong akaja mjini kununua tumbaku siku ya mchezo. Akauona. Alicheka kama wengine, akanunua tumbaku, akarudi nyumbani, akatuma ujumbe: binti yangu hawezi kuwa mke wa baba wa choo. Rika la Losike nalo likaanza. Alipofika kisimani mtu mmoja aliziba pua. Mwingine aliuliza kama anaweza kumtumia ng'ombe haraka, tumbo linamkata.

"Mimi nilipinda hiyo pembe mwaka mbili," alisema Losike polepole. "Kwa jiwe. Kila siku. Na wewe unasema ni bomba."

Kipkemboi aliinuka, akaitazama ile pembe dirishani.

"Ndugu yangu," alisema, "nilidhani ni tuni tu."

"Tuni ni nini?"

Akuwam alifikiri sana. Lugha ya kwao haikuwa na wimbo uliovuliwa maneno, sawa na vile haikuwa na ng'ombe aliyevuliwa ngozi akaendelea kutembea. Akasema, "Anasema alichukua sauti, akaacha ng'ombe."

"Basi yeye ni mwizi mjinga," alisema Losike. "Mwizi mwingine anachukua ng'ombe, anaacha sauti."

Wazee waliketi siku tatu baadaye kando ya mto Turkwel, Kong akiwamo. Kipkemboi alileta mbuzi, akaomba radhi, akajitolea kuufuta wimbo kwenye mchezo. Mbuzi aliliwa. Radhi zilipokelewa. Lakini Kong alifuta mafuta mdomoni akasema kufuta hakutoshi.

"Wimbo si mbuzi," alisema, Akuwam akitafsiri. "Huwezi kuufunga kamba ukaurudisha boma. Umetembea. Lazima huyu mtu atembee nyuma yake, pamoja na ng'ombe. Kila mahali uliimbwa choo, uimbwe ng'ombe. Na yeye mwenyewe asimame aseme kwa mdomo wake: kile choo kilikuwa uongo."

"Nikimaliza, utampa Losike binti yako?"

"Nikisikia umesafika."

Na ndivyo afisa wa afya ya umma alivyoanza ziara ya kutangaza kwamba choo ni uongo.

Walianza Kalokol. Kutoka hapo Longech ilikuwa ng'ambo ya ghuba, lakini Mweupe alikanyaga mtumbwi kwa mguu mmoja, akauona unacheza, akageuza kichwa kwa dharau. Wakazunguka kwa miguu, mtunzi, mwenye ng'ombe, mkalimani na ng'ombe, mchanga ukiwaka. Longech walikusanyika wale wale waliovulia samaki vyandarua. Losike aliinua mikono, akaimba. Kisha Kipkemboi akasimama, kipara kikimetameta.

"Huyu ndiye mwenye wimbo," alisema. "Kile choo kilikuwa uongo."

"Tulijua!" wavuvi wakajibu kwa pamoja, wakampigia makofi ya furaha. Mzee mmoja alimshika mkono akamwambia ni mara ya kwanza serikali kusema ukweli.

Habari zilifika ofisini kabla yake. Mkuu wake, Madam Sylvia, mwanamke mpole kutoka Vihiga ambaye upole wake uliogopewa, alimwita.

"Benard, nimepigiwa simu. Eti umetangaza vyoo ni uongo?"

"Si vyoo, madam. Choo kimoja. Cha kwenye wimbo."

"Na wale wa Longech wamejua tofauti?"

"Bado."

"Mwezi wa saba kuna siku ya afya uwanjani. Wageni wa kaunti watakuwepo. Nataka ule mchezo, na nataka choo kisimame pale katikati. Bila choo, Benard, utakuwa unakagua bucha tu mpaka ustaafu."

Kwa hiyo sasa wazee walitaka ng'ombe, Madam Sylvia alitaka choo, na uwanja wa Lodwar ulikuwa mmoja.

Lakini kwanza Kakuma. Ng'ombe haendi Kakuma kwa miguu kwa ajili ya wimbo, hata Losike alikiri hivyo. Walimpata Aden, Msomali mwenye lori lililokuwa likipeleka unga. Aden alimzunguka Mweupe mara mbili.

"Warya, wewe, huyu anaenda kuuzwa?"

"Hapana," alisema Kipkemboi.

"Kuchinjwa?"

"Anaenda kuimbiwa."

Aden alimtazama Losike, akamtazama mtu wa serikali. "Nimebeba unga, nimebeba mabati, nimebeba jeneza na wenye kulia. Msanii mwenye pembe, walahi, ni wa kwanza. Apande. Lakini asile unga."

Alikula unga. Alipofika Kakuma uso wake ulikuwa mweupe zaidi ya jina lake.

Kambini wimbo ulikuwa umefanya maisha yake. Vijana waliuimba kwenye mpira, timu ikifunga bao, kila lugha na maneno yake. Na Jumapili ile, walipokaribia kanisa la Wakongo, Losike alisimama ghafla njiani. Ndani, watu wapatao sitini walikuwa wakiiimba tuni yake kwa sauti nne na ngoma, polepole, mikono juu, mmoja mbele na mmoja nyuma.

Waliingia. Ng'ombe alibaki mlangoni, kichwa ndani. Kipkemboi alisema maneno yake. Kiongozi wa kwaya, mama Mkongo mwenye sauti nene, aliweka mikono kiunoni.

"Papa, unasema hii wimbo iko ya ngombe?"

"Ndiyo, mama."

"Na mbele ya ngombe ilikuwa ya choo?"

"Mbele ya choo ilikuwa ya ng'ombe. Halafu choo. Nyinyi ni wa tatu."

"Eh! Sisi tulizania iko ya Mungu tangu mwanzo." Akamgeukia Losike, akapunguza sauti. "Yaya, kaka yangu, watu hapa wamepoteza kila kitu, na hii wimbo wanaipenda. Unataka tuiache?"

Akuwam alitafsiri. Losike aliwatazama wale sitini, akamtazama Mweupe pale mlangoni, pua yake ikiwa bado na unga.

"Akuj, Mungu wetu, anajua huyo ng'ombe," alisema. "Ndiye alinipa. Mungu hawezi kuchafua jina ya ng'ombe. Waimbe." Kisha akamnyoshea Kipkemboi fimbo. "Lakini choo, hapana."

Miaka yote Kipkemboi alikuwa ameamini wimbo ni wa kila mtu. Sasa alikuwa ameona wimbo wenye mwenyewe, na mwenyewe akiutoa, na akajua kwamba hizo si hali zinazofanana.

Siku ya afya ilikaribia. Mpango wake ulikuwa rahisi: choo kipate tuni mpya, ng'ombe aingie mwishoni na tuni yake. Alikaa na kinanda siku kumi. Kila alichotunga kilipanda ngazi tatu, kikasita. Akajaribu kuanzia chini, tuni ikazunguka ikarudi kisimani. Asubuhi ya siku yenyewe aliiambia kwaya, "Mbele ya choo mtasimama tu. Msiimbe. Mkitazame."

"Kwa muda gani?" aliuliza Akuwam.

"Mpaka ng'ombe aje."

Uwanja ulijaa. Wageni wa kaunti walikaa chini ya hema, Madam Sylvia pembeni yao, na upande wa pili, kwenye kigoda, Kong na mikono yake imekunjwa. Choo kipya cha maboksi kilisimama katikati, cheupe, kikubwa kuliko cha kwanza. Losike alisimama nyuma ya umati ameshika kamba ya ng'ombe. Alikuwa amepakwa mafuta, amevaa unyoya mpya. Miezi sita ya kutembea, na yote yangepimwa na uso wa mzee mmoja.

Kwaya ilikizunguka choo, ikanyamaza. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko chochote ambacho Kipkemboi amewahi kutunga. Mgeni mmoja alikohoa. Kisha kengele ikalia, Losike akaingia na Mweupe wake, akainua mikono, akaanza. *Mweupe wangu, pembe moja mbele...*

Mweupe alisimama mbele ya choo. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekwisha mapema, na yeyote aliyeishi Lodwar anajua mifugo ya huku inavyofanya na boksi. Zaidi ya hapo, Akuwam alikuwa ameyagandisha yale maboksi kwa uji wa unga. Na unga, tangu lori la Aden, Mweupe alikuwa anaufahamu.

Alianza na mlango.

Losike alimwona, akataka kunyamaza, lakini wimbo wa ng'ombe haukatishwi ng'ombe akiwa amesimama. Akaendelea kuimba. Mweupe akaendelea kula. Alimaliza mlango, akang'oa ukuta, akatikisa kichwa na paa likamwangukia juu ya pembe, ile ya mbele, likaning'inia pale kama kofia. Madam Sylvia alifumba macho. Kipkemboi alikaa chini mchangani.

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanamtazama Kong.

Kong aliinuka, akaja hadi katikati, akalizunguka bomba lililobaki. Alifikiri kama anavyofikiri mtu anayehukumu kesi.

"Huyu ng'ombe," alisema kwa sauti, "niliambiwa ni choo."

Akaligusa bomba kwa fimbo.

"Na sasa amekula choo. Kitu hakiwezi kujila chenyewe." Akageuka kwa Losike. "Basi huyu ni ng'ombe."

Ndipo uwanja ukapasuka. Kong mwenyewe alicheka hadi akaegemea fimbo, wageni wa kaunti wakacheka bila kujua kwa nini, na Losike, macho ameyafumba, mikono bado juu, akaongeza mstari ambao haukuwapo: *Kipkemboi alijenga, mweupe wangu akala.*

Harusi ilikuwa mwezi wa kumi. Kipkemboi aliketishwa upande wa wanaume. Wanaume wa rika lote waliimba mstari ule, wakikanyaga chini kwa pamoja hadi ardhi ikaitikia, na jina lake lilipotajwa aliinama kufunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndara. Bibi harusi, inasemekana, aliomba jambo moja tu kwa mumewe: choo. Losike alichimba, akajenga kwa mawe, ili mtu fulani asikile.

Mwezi uliofuata barua ya uhamisho ilifika. Wengine walisema ni ule mchezo, wengine walisema ni zamu tu. Kinanda alikwenda nacho kimefungwa ndani ya shuka ya kijani ya Kuhara. Karatasi zake alimwachia Akuwam, ambaye alizitunza wiki mbili, kisha akaanza kufungia mandazi. Michezo saba yote imeliwa na kupanguswa mikono. Hakuna anayeikumbuka hata mmoja kwa jina. Lakini kisimani njia ya Kalokol, Losike akimnywesha ng'ombe wake, Kipkemboi hujenga tena kila siku, na mweupe hula.

Benard Kipkemboi sasa yuko Eldama Ravine, ofisi ya afya. Anakagua bucha na hoteli.